Injini iliyodhaniwa imenoki: kisa cha injini kongwe ya gari la rimoti

Injini ilifika mezani kwangu ikiwa ndani ya soksi. Mwenyewe alikuwa ameichomoa kwenye gari lake la rimoti na kuniletea pamoja na hukumu: "Fundi, hii imenoki. Wewe nitafutie pistoni na slivu yake tu, mengine nitamalizia mwenyewe." Gari lilikuwa la mjomba wake, la kipimo cha moja kwa nane (sehemu moja ya nane ya ukubwa wa gari halisi), lililokaa kwenye boksi tangu miaka ya 1980. Alijaribu kuzungusha flaiwili, lile gurudumu zito la kuzungushia injini, kwa mkono, ikagoma. Akaishika kwa plaizi, akaona meno yake yanaanza kuikwaruza, akaacha. Kuacha kwake pale ndiko kulikoiokoa.

Kisa hiki nimeona kina faida kukiandika kwa kuwa tulikosea mara mbili. Yeye alikosea mwanzoni, mimi nikakosea karibu na mwisho, na wote wawili tulimsingizia mshitakiwa yuleyule: pistoni na slivu, yaani ule mkebe ambamo pistoni hupanda na kushuka.

Jina la kiwanda lilikuwa limefutika, kwa hiyo nilianza na vipimo. Baada ya kuifungua, kalipa ilinipa upana wa silinda milimita 16.6 na mwendo wa pistoni milimita 16.0. Ukipiga hesabu unapata ujazo wa sentimita za ujazo 3.46, yaani iko kwenye daraja la 3.5, lile ambalo wenyewe huliita "ishirini na moja" kwa kipimo cha inchi. Hiyo ndiyo saizi ya magari ya mashindano ya moja kwa nane tangu zamani. Ni injini ya mipigo miwili, haina cheche, haina koili wala waya wa umeme unaokwenda kichwani. Plagi yake ina kisokoto cha waya wenye platinamu. Unakiwasha kwa betri ya volti 1.5 wakati wa kupiga stati, kisha unaiondoa betri. Kuanzia hapo joto la mlipuko, pamoja na namna methanoli, ambayo ndiyo mafuta yake, inavyoungua ikigusa platinamu, huuweka waya ule ukiwaka wenyewe. Plagi hizi ziliingia sokoni Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa juhudi za Ray Arden, na kanuni yake haijabadilika.

Jambo moja hapa litatugusa baadaye. Kwa kuwa hakuna cheche, hakuna pia taimingi ya kurekebisha kwa bisibisi. Wakati wa kulipuka unaamuliwa na kompresheni, joto la plagi, kiasi cha nitromethani (kemikali inayochanganywa kwenye mafuta ili kuongeza nguvu) na uwiano wa mafuta na hewa. Kimoja kikiyumba, injini nzima inaonekana mgonjwa, na dalili zake hufanana.

Gundi au noki?

Injini iliyonoki kweli ni ile ambayo chuma kimekula chuma. Mafuta yamepungua, joto limepanda, pistoni ikajipaka kwenye ukuta wa slivu. Ukimulika kwa tochi kupitia tundu la ekzosi utaona michirizi ya wima, ya kijivu, na wakati mwingine aluminiamu iliyovutwa kama nta. Nilimulika. Pistoni ilikuwa karibu na kileleni, na ubavu wake ulikuwa na rangi ya hudhurungi inayong'aa, laini, bila mchirizi hata mmoja, kama gundi ya seremala iliyokauka kwenye brashi.

Ni mafuta ya nyonyo hayo. Injini hizi hazina oili yake ya pembeni, oili imechanganywa ndani ya mafuta yenyewe, na enzi zile oili hiyo mara nyingi ilikuwa ya nyonyo. Ina sifa moja ambayo oili nyingi za kutengenezwa zimeitafuta kwa taabu: joto likizidi haikimbii, inazidi kushika na kuendelea kulainisha. Ubaya wake ni huohuo. Haiondoki. Gari likiwekwa bila kumalizwa mafuta, methanoli inapeperuka, nyonyo inabaki, na miaka inaigeuza vanishi. Kwa maneno mengine, injini hii ilikuwa imefungwa na kitu kilekile kilichokuwa kikiilinda, na kama nilivyoona baadaye, kiliendelea kuilinda muda wote huo.

Nilifungua bamba la nyuma, skrubu nne, nikatia matone machache ya methanoli kwenye ncha ya chini ya konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki. Baada ya muda konrodi ilikubali kuyumba kushoto na kulia juu ya pini ya krenki. Basi chini hakukuwa na kilichoganda kwa chuma, aliyekamatwa alikuwa juu.

Hapa ndipo plaizi ingefanya maafa. Pistoni ya injini hii ni ya aluminiamu, slivu ni ya shaba ya njano iliyopakwa kromu ndani, na tundu la slivu halikunyooka: limetengenezwa likibana kidogo kuelekea juu. Injini ikiwa baridi, pistoni ikifika kileleni inabanwa hata ikiwa mpya kutoka kiwandani. Ikipata moto, shaba inatanuka kuliko pistoni, kwa sababu aluminiamu ya pistoni imetiwa silikoni nyingi ili isitanuke sana, na sehemu ya juu ndiyo inayopata joto kubwa zaidi. Nafasi inajisawazisha yenyewe, ukuta unanyooka. Watu wengi huishika injini ya namna hii ikiwa baridi, wakausikia ule mbano, wakasema imekufa. Wengine huona ni sifa wakailazimisha. Hii ya kwetu ilikuwa na mbano wa asili na gundi juu yake, vyote viwili mahali pamoja. Ukitia spana na nguvu za mikono, cha kwanza kusalimu amri ni konrodi, na konrodi iliyopinda kidogo haionekani kwa macho. Utaifunga injini vizuri, kisha itakula pistoni upande mmoja bila wewe kujua sababu.

Dawa ni joto. Kwanza niliianika nje mpaka methanoli yote ikakauka, maana mvuke wake na bunduki ya hewa moto havikai chumba kimoja. Moto wa methanoli mchana karibu hauonekani, unaweza kuunguza mkono ukitafuta unakotoka. Kisha nikadondosha oili nyepesi kwenye tundu la plagi na la ekzosi, nikaanza kupasha kichwa na mapezi ya kupozea taratibu, nikizungusha ili joto lisikae sehemu moja. Kipimo changu kilikuwa tone la maji: likidondoka kwenye pezi na kuruka likitoa sauti, tumevuka nyuzi 100. Nikavaa glavu, nikashika flaiwili kwa viganja viwili, nikaitikisa mbele na nyuma bila kuilazimisha. Hakuna. Nikapasha tena. Mara ya nne au ya tano ilisogea upana wa uzi. Nikairudisha ilikotoka, nikaongeza oili, nikapasha. Ilichukua kama dakika 40, na ilipoachia haikutoa mlio wa chuma. Ilitoa sauti kama plasta inayobanduliwa kwenye ngozi, polepole.

Slivu ilipotoka ilikuwa na kromu yake yote.

Usafishaji na beringi

Kabla ya kutenganisha pistoni na konrodi nilipiga picha kila upande. Slivu ina mahali pake pa kukaa ili matundu yatazamane sawasawa na njia za hewa za bodi, na pistoni iliyozoea upande mmoja kwa miaka haipendi kugeuzwa. Alama za kalamu hazisaidii, kwenye usafishaji zinaondoka zote.

Vanishi ya nyonyo iliyoiva haijali methanoli. Kinachoilegeza ni kulanti ya gari ya aina ya ethilini glaikoli, ikipashwa moto bila kuchemka. Nilitumia sufuria ya umeme ambayo haitarudi jikoni kamwe, nje ya nyumba, karibu nyuzi 90 kwa saa sita. Glaikoli ni sumu na ina utamu, ndiyo maana isiachwe wazi penye mtoto au mnyama. Baada ya saa sita, brashi ya nailoni na maji ya moto vilitosha. Kabureta sikuitia humo kwa sababu ya plastiki na mipira yake. Na kwa yeyote anayefikiria njia ya mkato ya magadi makali ya kusafishia mifereji: magadi hayo hula aluminiamu. Utapata bodi nyeusi yenye vinyweleo, na huna pa kuirudisha.

Baada ya kusafisha ndipo mgonjwa wa kweli wa kwanza alipojitokeza. Beringi kubwa ya nyuma ilikuwa na kutu ya madoadoa kwenye njia ya gololi, na ya mbele ilikuwa ikizunguka kama ina mchanga. Slivu safi, beringi mbovu, ndani ya bodi moja. Methanoli hunyonya unyevu wa hewani, nitromethani ikiungua huacha masalia ya asidi, na vyote hivyo hutuama chini, kwenye krenki. Ukuta wa silinda ulikuwa umefunikwa na nyonyo, gololi hazikupata bahati hiyo.

Kutoa beringi kwa nyundo ni kosa la kawaida. Bodi ni aluminiamu, beringi ni chuma, na aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Bodi tupu, bila krenki wala mipira, iliingia kwenye oveni ya karakana mpaka nyuzi 150. Kwa beringi ya kipenyo cha milimita 25.4, kupanda kwa nyuzi 130 kunafungua nafasi ya kama milimita 0.036, takriban nusu ya unene wa unywele. Ni kidogo kusikia, lakini ndicho kinachohitajika. Niligonga bodi mara moja juu ya ubao, beringi ya nyuma ikadondoka yenyewe. Ya mbele ilihitaji kusukumwa kwa kijiti cha mti kutoka ndani. Vipimo vilikuwa 7 kwa 19 kwa 6 mbele, saizi ya kawaida inayoitwa 607, na 14 kwa 25.4 kwa 6 nyuma. Mpya zililala kwenye friza usiku, bodi ikapashwa tena, zikaingia kwa kidole.

Pistoni nikaijaribu kavu: niliisukuma kwa kidole ndani ya slivu kutoka chini, ikagoma kabla ya kufika mahali pake pa kileleni. Mbano ulikuwepo. Nikamwandikia mwenyewe kwamba pistoni haihitajiki. Akajibu kwa neno moja: "Kweli?"

Kosa langu

Injini iliwaka mara ya tatu kuigusisha kwenye boksi la kuwashia. Nilitumia mafuta yenye oili asilimia 20, sehemu yake nyonyo, na nitromethani kidogo, kwa kuwa ndiyo chakula cha rika lake. Ilivuta vizuri. Nilipoachia triga, haikushuka. Ilibaki ikilia juu kwa sekunde kadhaa kama haijasikia, kisha ikashuka ghafla, ikakaa sailensa kidogo, yaani mlio wa chini bila triga, ikazima. Ikipata moto zaidi, inazima upesi zaidi.

Nilifungua sindano ya sailensa robo zamu ili kuongeza mafuta. Ikatulia. Dakika mbili baadaye ikaanza upya. Nikaongeza tena, ikajaa mafuta na kutema moshi, halafu tangi lilipofika nusu ikarudi kulia juu. Nikabadilisha plagi. Nikabadilisha mpira wa mafuta. Jioni mbili ziliisha hivyo. Jioni ya pili nikaanza kujisemea maneno ambayo hayakuwa na ushahidi: labda slivu imechoka ikiwa ya moto, labda mbano ule wa baridi ulinidanganya, labda yule bwana alikuwa sahihi tangu mwanzo. Nilikuwa nimeshaanza kumwandikia kwamba tuagize pistoni na slivu.

Kilichonizuia ni jambo dogo. Injini ilizima, na kabla haijapoa nikazungusha flaiwili kwa glavu, plagi ikiwa mahali pake. Ilinirudisha mkono. Kompresheni ya moto ilikuwa imara kuliko nilivyotarajia. Kama slivu ndiyo inayoachia kwenye joto, ingekuwa imeachia hapo hapo. Kipimo hiki kinachukua sekunde tano na ningeweza kukifanya jioni ya kwanza. Sikukifanya kwa sababu nilikuwa nageuza skrubu, na anayegeuza skrubu hujiona anafanya kazi.

Basi tatizo lilikuwa hewa inayoingia mahali pasipo mlango. Katika injini ya mipigo miwili hewa na mafuta hupita kwanza chini ya pistoni, kwenye kasha la krenki, ndipo zipande juu. Ufa wowote kwenye kasha hilo unavuta hewa isiyopitia kabureta. Triga ikiwa wazi kabisa, ufa mdogo ni sehemu ndogo ya hewa yote, injini haihisi. Kwenye sailensa, mlango wa kabureta umefunguka chini ya milimita 1, na ufa uleule unakuwa mlango wa pili. Methanoli huungua sawasawa kwa uzito wa hewa kama 6.4 kwa 1 ya mafuta, wakati petroli hutaka karibu 14.7. Injini hizi zinakunywa sana, na zikinyimwa kidogo zinapanda mlio, zinachemka, kisha zinakata. Ndiyo ilikuwa picha yangu yote, mstari kwa mstari.

Niliziba tundu la ekzosi kwa kizibo cha mpira, nikaziba mdomo wa kabureta kwa kidole gumba, nikapaka maji ya sabuni kila maungio, nikapuliza kwa mpira mpya msafi kupitia njia ya mafuta. Bamba la nyuma: kimya. Kichwa: kimya. Beringi ya mbele ilitoa mapovu mawili matatu ya uvivu, hayo ni ya kawaida, maana pale kinachoziba ni ukaribu wa krenki na bodi tu. Shingo ya kabureta ikatoa povu jeupe kama mtu anafua.

Oringi ya shingo ya kabureta, ile pete ya mpira ya kuzibia. Niliitoa siku ya kwanza, nikaifuta, nikaitazama, nikaona nzima, nikairudisha. Sasa niliikata kwa wembe: ubavu mmoja ulikuwa bapa kama utepe, na nilipoikunja ilivunjika badala ya kupinda. Miaka yote ile ilikuwa imebanwa kwenye umbo moja na ikalichukua umbo hilo. Ilikuwa bado inaziba kwa nyonyo iliyogandia pembeni yake, mpaka mimi nilipoisafisha. Hapo sina wa kumlaumu.

Niliweka oringi ya mpira wa nitrile. Wengi hukimbilia mpira wa Viton kwa imani kwamba ni bora kwa kila kitu, lakini aina zake za kawaida huvimba kwenye methanoli. Nikabadilisha na zile za sindano, ingawa hazikuwa zimeonyesha kosa. Nikarudisha sindano zote mahali pa kuanzia, maana marekebisho yangu ya jioni mbili yalikuwa yakifidia ufa ambao haupo tena.

Ilikaa sailensa tangi zima. Kipimajoto cha kuelekeza kilisoma nyuzi 105 kichwani, karibu na plagi. Nilipoichomoa plagi, waya wake ulikuwa na unyevu na unang'aa. Ule wa plagi ya jioni ya kwanza ulikuwa wa kijivu na umepinda, na nilikuwa nimeutupa bila kuutazama. Niliokota kwenye debe la taka ili kuhakikisha.

Kwa sababu ya beringi mpya niliendesha matangi manne kwa upole, nikiiacha ipoe kila baada ya tangi huku pistoni ikiwa chini kabisa ya mwendo wake, ili slivu inaposinyaa isiibane. Mapezi ya kupozea yamebaki na doa la hudhurungi upande wa ekzosi. Mwenyewe alitaka yang'arishwe yawe kama mapya. Nilimwambia ningeweza, lakini sitaki: doa lile halipunguzi kitu, na kung'arisha kunaondoa chuma.

Alipokuja kuichukua nilikuwa nimeimaliza mafuta mpaka ikajizima, nikatia matone machache ya oili ya kuhifadhia kwenye plagi na kabureta, nikazungusha ili ifike kwenye beringi. Akasikiliza mbano wake kwa kidole, akatabasamu, kisha akakiri kwamba pistoni na slivu alikuwa ameziagiza kimyakimya siku ileile aliyonijibu "Kweli?" Tukazipima. Zilikuwa za injini nyingine. Akatoa soksi mfukoni. Nikamwambia, "Kaka, soksi itainyonya hiyo oili yote. Tafuta kopo lenye mfuniko."